Masaka: Mti, Mkono na Maziwa

Dereva wa lori akishavuka daraja la Rusumo, akayaacha nyuma maporomoko ya mto Kagera na foleni ya forodha, huwa amebakiza yapata kilomita 160 za kupanda na kushuka. Kirehe, Ngoma, Kayonza, Rwamagana: kila jina lina vilima vyake, na kila kilima kina kona zake. Kwa wengi wao safari haiishii katikati ya Kigali. Inaishia Masaka, kata ya mashariki kabisa ya wilaya ya Kicukiro, ilipo bandari kavu ya DP World iliyozinduliwa Oktoba 2019. Makontena yaliyopakiwa Dar es Salaam hushushwa hapo, na vibandani pembeni Kiswahili cha Mbagala hujibiwa kwa Kiswahili cha Goma, na anayepika chai katikati huwaelewa wote wawili. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Barabara hii haikulingoja bunge.

Mtanzania ukimtajia Masaka, akili yake inaruka hadi Uganda, kwenye mji ule wa njia ya Mbarara. Masaka ya Kigali haina umaarufu huo, na huko ng'ambo jina lake lilitajwa zaidi kwa jambo la msiba: katika ubishi mrefu wa wapelelezi juu ya mahali yaliporushwa makombora yaliyoiangusha ndege ya Rais Habyarimana usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Ripoti ya wataalamu waliotumwa na mahakimu wa Ufaransa, iliyotolewa Januari 2012, ilielekeza zaidi upande wa kambi ya Kanombe kuliko bonde la Masaka. Wakazi wa leo wana mengine ya kuzungumza. Wanazungumza bei ya viwanja, na hospitali yao, ambayo kwa upanuzi wake mkubwa imetengwa kuipokea hospitali ya CHUK kutoka katikati ya jiji, na lami iliyofika kwa fulani ikaishia kabla ya kufika kwa fulani.

Mimi nilifuata mti.

Ukiiacha barabara kuu na kushika njia ya kusini, mji unapungua hatua kwa hatua. Nyumba za vigae vipya zinafuatana na migomba, migomba inafuatana na safu za migrevilia iliyopandwa mipakani mwa mashamba, mirefu, myembamba, imepogolewa matawi hadi kileleni kwa ajili ya kuni. Kuelekea Rusheshe ardhi inateremka hadi kwenye bonde la Nyabarongo, bonde pana la matete na bustani za mboga, na ng'ambo yake unaiona Bugesera imejilaza, tambarare isiyofanana na nchi hii ya vilima. Mwinuko wa Kigali ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna ubaridi wa kukufanya ushike kikombe kwa mikono miwili, na saa sita jua ni kali lakini halikuchoshi. Mtu wa pwani anapumua vizuri hapa. Mti nao, kama nilivyokuja kuelezwa, unapumua vizuri hapa, ila kwa misimu: mvua kubwa kuanzia Machi hadi Mei, nyingine kuanzia Septemba hadi Desemba, na katikati yake kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambacho fundi yeyote wa mbao hukihesabia siku.

Masaka ni mahali pa maziwa. Kiwanda cha Inyange, ambacho maboksi yake ya maziwa yamejaa kila duka la Rwanda, kiko hapa. Masaka Creamery, waliolipachika jina la kata hii kwenye mtindi na jibini, nao walianzia hapa, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wao ni viziwi wanaoelewana kwa ishara katikati ya mvumo wa mashine. Malori ya maziwa yanaingia, mengine yanatoka. Hilo mgeni huliona upesi. Linalomchukua muda kuliona ni kwamba katika nchi hii maziwa na uchongaji ni jamaa wa damu, na kwamba sanaa kubwa ya mti ya Wanyarwanda ilizaliwa ili maziwa yapate pa kukaa.

Tuliokulia na Mwenge ya Dar es Salaam, au Wamunyu ya Ukambani, tunapowaza mchongaji tunawaza vinyago. Tunawaza Mmakonde na mpingo wake, binadamu waliopandana mabegani hadi juu, mashetani yenye jicho moja. Rwanda ya zamani haikuwa na desturi kubwa ya kuchonga sura ya mtu. Wako watafiti wa kigeni waliolisikitikia jambo hilo kama pengo. Mimi naona waliangalia juu ya kabati wakati vitu vilikuwa vinatumika jikoni. Chukua igicuba, ndoo ya kukamulia iliyochongwa kwa gogo moja; au icyansi, chombo cha kuhifadhia maziwa, chenye tumbo, kinachobana kidogo shingoni na kufunguka tena mdomoni; au inkongoro ya kunywea. Hakuna kiungo, hakuna gundi, hakuna msumari. Mstari unaoanzia chini ukapanda hadi mdomoni hauna mahali unaposita. Ukienda Nyanza, kwenye makumbusho ya ikulu ya wafalme, nyuma ya nyumba kubwa ya msonge kuna kibanda cha maziwa, na vyombo hivi vimepangwa humo kwa heshima ambayo mataifa mengine huweka kwa masanamu ya miungu. Mtunza maziwa alikuwa msichana asiyeolewa. Si kazi aliyopewa yeyote aliyekuwa karibu.

Tazama tena na utagundua kwamba mwili wa icyansi hauna pambo. Hauna michoro, hauna nakshi. Pambo limepelekwa juu, kwenye umutemeri, kifuniko kilichosukwa chenye ncha kali, na huko ndiko mistari myeusi ya pembetatu inakozunguka. Sababu ni ya jikoni kabisa. Nakshi ni mifereji, na mfereji kwenye chombo cha maziwa ni mahali pa uchachu kujificha. Chombo kinasuguliwa, kinafukizwa kwa moshi wa majani yenye harufu kama wafanyavyo wafugaji wa ukanda huu wote, kinapakwa samli. Mkono unapita ndani na nje kila siku. Basi mchongaji aliweka ustadi wake wote kwenye umbo, na pambo akamwachia msusi, kwenye sehemu isiyoguswa na maziwa.

Kanuni hiyo, kwamba penye kuguswa pawe laini na pambo likae pembeni, nilikuja kuikuta hai katika karakana ya mabati huko Masaka.

Karakana za huku hazijapangwa kama zile za Agakiriro ka Gisozi, ambako maghorofa mazima yananuka vumbi la mbao, ambako pia moto umezuka zaidi ya mara moja na kuwaachia watu majivu. Za Masaka zimetawanyika kando ya njia, katikati ya mchomeleaji wa mageti na duka la saruji. Nyingi zinatengeneza kitanda, mlango na kabati la jikoni, kwa sababu mji unajengwa na kila nyumba mpya inahitaji hivyo vitatu. Fundi niliyekaa kwake anazifanya kazi hizo pia. Ndizo zinazolipa kodi ya kibanda. Lakini nyuma, kwenye kivuli, ana magogo yake mengine. Ni mtu wa makamo, mpole, Kiswahili chake amekiokota kwa wauza mbao wa Bukavu na hakioni haya. Vijana wanamwita muzehe ingawa mvi zake bado zinahesabika. Hapendi jina lake litangazwe, na sina haja ya kulitangaza.

Vifaa vyake ni tezo mbili, moja ya kuanzia na nyingine ndogo ya kumalizia, patasi za upana mbalimbali, bobari za kuchimbia, tupa, na nyundo ya mti iliyolika upande mmoja. Kuna pia grainda ya umeme yenye diski ya meno, ambayo huitumia kuondoa nyama nyingi ya gogo haraka kisha huizima na kuirudisha ukutani kabla umbo halijaanza kuonekana. Nilimuuliza kwa nini asimalizie nayo. Alinionyesha viganja. Grainda, kwa maelezo yake, haimwambii fundi kitu. Tezo ikikutana na fundo au uzi uliogeuka, habari inapanda mkononi kabla jicho halijajua.

Nilidhani ataanza na mchoro. Alianza na maswali. Kigoda ni cha nani? Mzee anayekaa nacho jua la asubuhi anahitaji kirefu kidogo, magoti yasimpe taabu kuinuka. Mama anayemenya viazi anataka kifupi, chungu kiwe karibu. Kiko juu ya sakafu ya saruji au udongo? Kama ni udongo, miguu mitatu, maana miguu mitatu haiyumbi hata ardhi iwe na mabonde. Minne inahitaji sakafu iliyonyooka. Ni baada ya hayo tu ndipo anapolizunguka gogo.

Hapa pana elimu ambayo duka la zawadi haliwezi kukuuzia. Kigoda cha gogo moja kinaweza kuchongwa gogo likiwa limelala au limesimama, na kwa macho ya mnunuzi vyote viwili ni sawa. Likiwa limelala, nyuzi za mti zinapita miguuni kwa upana, na mguu wa namna hiyo siku mtu mzito akikaa upande unakatika. Likiwa limesimama, nyuzi zinashuka pamoja na miguu hadi chini, na mguu unabeba. Lakini basi sehemu ya kukalia inakuwa kichwa cha gogo, penye kiini, na kiini ndipo ufa unapoanzia. Mti unapokauka husinyaa, na husinyaa zaidi kufuata mzunguko wa pete zake, karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini. Ugomvi huo wa ndani ndio unaoupasua. Kwa hiyo fundi huyu hutafuta gogo nene kuliko anavyohitaji, hulipasua, akatoa kigoda kwenye nusu moja, kando ya kiini. Nusu ya mti inapotea, ingawa yeye hakubali kwamba inapotea. Mabaki yanakuwa upawa, mwiko, vibanio, na yasiyofaa kabisa yanachemsha chai.

Ugomvi huo huo ndio unaoeleza kwa nini vyombo vya kale vya maziwa ukivitazama kwa juu mdomo wake si duara kamili. Vilichongwa mti ukiwa mbichi, kwa sababu mbichi ni laini na bobari inaingia, vikiwa duara. Kisha vikakauka polepole kivulini, vikasinyaa upande mmoja kuliko mwingine. Wauzaji wengine wa mitaani wanaona aibu kwa umbo hilo na hulikereza upya liwe duara la mashine. Wanaharibu. Unene wa ukuta wa chombo hupimwa kwa kugonga: fundi anagonga kwa kifundo cha kidole akizunguka, na sauti ikibadilika anajua pale bado pana nyama. Nilijaribu kusikiliza tofauti hiyo. Kwangu zote zilikuwa ko, ko, ko.

Kuhusu mti wenyewe, mambo yamebadilika na yeye hafichi. Miti ya zamani ni haba. Umuvugangoma, ambao sisi tunauita mringaringa na ambao Wanyarwanda waliuchongea ngoma zao, hauonekani kirahisi tena. Umuko, ule wenye maua mekundu ambao simulizi za shujaa Ryangombe zinasema alifia chini yake baada ya kupigwa pembe na nyati, kwa wazee bado ni mti wa kuheshimiwa, ingawa mbao yake nyepesi imefanya kazi ya vinu na viti sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kukata mti Rwanda kunataka kibali. Sheria hiyo inaudhi mafundi na inaniridhisha mimi, maana vilima hivi vingekuwa vipara. Kinachopatikana ni mgrevilia, ambao ukipasuliwa vizuri una madoa ya kumeta kama magamba ya samaki, parachichi lililozeeka likaacha kuzaa, na kwa wenye fedha, libuyu kutoka Kongo, nyekundu, nzito, inayopanda bei kila barabara ya huko inapoharibika. Yeye anapenda parachichi. Wateja hawaipendi kwa sababu wanaijua kama tunda. Akishawauzia bakuli ndipo anawaambia ni mti gani.

Bakuli, trei, upawa, kigoda, meza ya chini, mlango. Hiyo ndiyo orodha yake, na hakuna hata kimoja kisichofanya kazi. Hata hivyo yeye si fundi asiyependa pambo. Mlango mmoja uliokuwa umeegemezwa ukutani, wa nyumba mpya huko juu, ulikuwa na mistari ya matuta ya pembe na misokoto upande wa bawaba, na upande wa kitasa ulikuwa mtupu kabisa. Matuta hayo nayajua. Ni ya imigongo, sanaa ya kinyesi cha ng'ombe ya Gisaka ya zamani, ambayo ukitoka Rusumo unaipita Nyakarambi bila hata kuiacha barabara. Simulizi zinamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanza kuipamba nyumba yake kwa kinyesi kilichochanganywa na majivu, kikafinyangwa matuta, kikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Ilikuwa sanaa ya ukuta wa ndani, ya kukaa nayo. Fundi wa Masaka ameyahamisha matuta kutoka kinyesi hadi mti, akayapunguza kina, na akayaweka mahali ambapo mkono hauendi. Upande wa kitasa, anasema, watu watashika kwa mikono ya mafuta, ya unga, ya watoto. Pambo pale litakuwa jeusi kwa mwaka mmoja. Pwani yetu ina jibu tofauti kwa swali hilo hilo. Mlango wa Zanzibar umejaa nakshi kwenye miimo na kizingiti cha juu, lakini ule nao, ukiangalia vizuri, mabawa yenyewe mara nyingi ni mbao tupu na njumu za shaba, na nakshi nyingi imewekwa inakotazamwa.

Tulibishana juu ya vanishi. Yeye huipaka milango na meza kwa sababu wateja wanataka kung'aa, na anasema ukweli kwamba meza isiyong'aa haitoki dukani. Mimi nilisema vanishi inaua mguso, unakuwa umeshika plastiki iliyolala juu ya mti. Akacheka, akanipa bakuli mbili, moja ya vanishi na nyingine ya mafuta ya kitani na nta, akaniambia nifumbe macho nichague. Nilichagua ya nta, kama alivyojua nitafanya. Kisha akauliza ni ipi ambayo mke wa mtu ataisugua kwa sabuni na kuianika juani bila kuuliza. Sikuwa na jibu.

Kufumba macho si mchezo wa bure Masaka. Umoja wa Wasioona wa Rwanda una kituo chake katika kata hii, ambako watu wazima waliopoteza uwezo wa kuona hufundishwa breli, kutembea kwa fimbo nyeupe, kilimo na ufugaji, na kurudi makwao wakijitegemea. Sijasikia kwamba kuna uhusiano wowote kati ya kituo hicho na karakana za mbao, wala siutungi. Lakini ukitoka kwa fundi ambaye hatua yake ya mwisho ya kazi, baada ya msasa, ni kupitisha kiganja chote juu ya kiti huku akitazama kwingine, ukakutana njiani na mtu anayeisoma barabara kwa fimbo, unaanza kujiuliza ni kwa nini tumekubali kwamba sanaa ni mali ya macho.

Tena makumbusho hayako mbali. Kanombe ni jirani tu wa Masaka, na huko, katika iliyokuwa ikulu ya Habyarimana, tangu 2018 kuna Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda. Nenda. Sanamu na picha za wasanii wa leo zimepangwa katika vyumba vya mtu aliyekuwa na woga mwingi na ngazi za siri, na mabaki ya ile ndege bado yamelala nje ya ukuta. Baadhi ya kazi za mti ni nzuri mno. Lakini huruhusiwi kuzigusa, na kwa haki kabisa, zingelika. Baada ya saa nzima ya mikono mgongoni, nilipanda pikipiki kurudi Masaka, nikakaa juu ya kigoda, nikahisi nimesamehewa.

Sitaki kuwatukuza mafundi wa huku kupita kiasi. Vitu vibaya vinachongwa pia. Kuna vijiko vyenye kichwa cha sokwe kwenye mpini, ambavyo mtu akikorogea uji sokwe anamchoma kiganja. Kuna ramani za Rwanda zenye saa katikati. Watalii wananunua, na tumbo halina likizo. Wakamba wanaijua hadithi hii kwa kirefu: Mutisya Munge alirudi Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ujuzi aliouona kwa Wazaramo, na katika miongo michache kijiji kizima kilikuwa kinachonga twiga kwa ajili ya maduka ya Nairobi na ng'ambo. Biashara ililisha watu. Ila twiga wa elfu kumi hana tena cha kumfundisha aliyemchonga.

Mshindani halisi wa fundi huyu hata si sokwe wa kijiko. Ni kontena. Malori yale yale yanayokuja na Kiswahili chetu yanakuja na viti vya plastiki na seti za sofa zilizofungwa nailoni, na yanashushwa umbali mfupi kutoka kwake. Serikali imekuwa ikihimiza bidhaa za nyumbani kwa kampeni ya Made in Rwanda tangu 2015, na kwa nguo na samani za maofisi imesaidia. Kwa kigoda cha parachichi, bado ni mteja mmoja mmoja. Mkombozi asiyetarajiwa amekuwa harusi. Siku ya kuposa na kutoa mahari, familia zinataka maziwa yanywewe kwa inkongoro na ibyansi, yaani icyansi nyingi, vipangwe mbele ya wageni na vifuniko vyake vilivyosukwa; wasio navyo wanakodi. Kwa hiyo wako wakodishaji wa mapambo ya harusi wanaoagiza vyombo vya maziwa kwa seti, na vingi havitaona tone la maziwa zaidi ya siku hiyo. Nilimuuliza fundi kama hilo halimsikitishi. Alisema anavichimba vilevile, ukuta ule ule, kwa kugonga. Nikisema kweli nilitarajia angesema vya maonyesho anaviacha vinene.

Kwenda Masaka hakuna ugumu. Kutoka Remera mabasi ya njia ya Kabuga ni mengi, na kutoka barabara kuu pikipiki itakufikisha popote, ukiwa umevaa kofia ngumu uliyopewa na dereva, maana hapa hakuna mzaha na sheria hiyo. Epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi: ni umuganda, watu wako kwenye kazi za jamii na karakana zimefungwa. Kiangazi ndicho kizuri, Julai hasa, vumbi likiwepo lakini magogo yakiwa yamekauka na fundi akiwa na moyo wa kuuza. Nilikitamani kigoda kimoja cha mgrevilia kilichokuwa kivulini, akakataa bei yoyote, kwa sababu mvua za masika zilikuwa zimekwisha juzi tu na alikipa miezi miwili zaidi. Akaniuzia upawa.

Na ukiagiza kitu, jambo moja: mwambie tangu mwanzo kitakwenda kukaa wapi. Mti uliokauka kwenye hewa ya Kigali ukiupeleka pwani unakunywa unyevu na kuvimba, na kisanduku ambacho kifuniko chake kinaingia kwa kidole kimoja Masaka kitang'ang'ania kikifika Tanga hadi ukifungue kwa goti. Akijua mapema ataacha nafasi, unene wa kucha hivi. Mimi niliposema Tanga aliniuliza kama ni mbali na bahari. Nilipomwambia nyumba yetu inasikia mawimbi, alirudi kwenye benchi, akachukua randa, akapunguza tena.